Kinyonga wa Mama

Mama alipohamia kwangu Utange, kwa wiki nyingi hakusema zaidi ya "abee" akiitwa na "ahsante" akipewa. Tulikuwa tumemzika baba kwetu, upande wa Kaloleni, na baada ya matanga ikaamuliwa nimchukue mimi, kwa sababu ndugu zangu wote walikuwa na udhuru na mimi nilichelewa kutafuta wangu. Nashona sare za shule kibarazani. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani huja kama mgeni. Nikajiambia angalau nitapata mtu wa kupiga naye soga huku cherehani ikikimbia. Nilichopata ni mtu aliyeketi mkekani ameshika tama, akitazama ukuta, na sahani ya chakula ikipoa pembeni yake.

Baba alikufa kwa kutokula. Hospitali walikuwa na jina lao la ugonjwa, lakini sisi jamaa zake tulichoona ni mtu anayekataa chakula. Mama alimpikia uji wa wimbi, akampikia supu ya kuku, akamtafutia madafu, na baba akageuza uso ukutani. Kuhusu siku zile za mwisho Mama hakuniambia neno, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Kilichomfungua mdomo ni kinyonga. Tulikuwa tunatoka kanisani, na pale stejini vijana wa bodaboda walikuwa wamemweka mmoja juu ya kiti cha pikipiki. Kijana mmoja alikuwa ameshika ugoro kati ya vidole, anangoja mnyama apanue mdomo amtilie, waone atakavyogeuka rangi mpaka afe. Mchezo huo tumeukuta na huenda tukauacha. Mimi nilikwisha kupita. Nilipogeuka kumwangalia Mama nikamwona amevua leso ya juu, amemfunika yule mnyama na kumbeba kifuani.

"Huyu wangu," aliwaambia.

Vijana walitoa macho, na mimi nikatoa zaidi yao. Mama amezaliwa mahali ambapo mtu mzima akikutana na kinyonga hubadilisha njia. Na mimi mwenyewe namwogopa kinyonga kuliko nyoka, wala sioni haya kusema. Nyoka akikuona anataka kwenda zake. Kinyonga haendi popote. Jicho moja anakutazama wewe, jingine anatazama shughuli zake, na wewe hujui lini atakugeukia.

Basi tukaanza kuishi na kinyonga. Mume wangu alikuwa ametengeneza ndoo iliyojazwa zege ili isimamishe mti wa kuanikia nguo. Mama akauondoa mti huo, akachomeka tawi kubwa la mwarobaini, akaliweka kwenye pembe ya kibaraza. Kila majani yakikauka, alitafuta tawi jingine. Chini yake aliweka maganda ya ndizi mbivu, nzi wakaja, na ule ulimi ukawa unawachota mmoja mmoja. Kazi ya kumtafutia panzi kwenye vichaka nyuma ya ua nilipewa mimi, na nilikwenda shingo upande, kopo mkononi, wateja wangu wakinicheka.

Lakini Mama alianza kuongea. Hakuongea na mimi. Aliongea na kinyonga. Alimweleza habari za mbuzi wake aliowaacha kwa shemeji, za mnazi uliopigwa na radi, za baba alivyokuwa akicheza ngoma alipokuwa kijana. Mambo mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti kumpima mtoto wa watu kiuno. Niliona wivu, tena wivu wa waziwazi. Hata hivyo nilinyamaza, kwa sababu Mama alipokuwa akiongea mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sahani wenyewe, tonge baada ya tonge.

Halafu kinyonga akaacha kula.

Mwanzoni tulidhani ni maji. Kinyonga hanywi kwenye kikombe, hunywa matone juu ya majani, na mimi nilikuwa nikiyanyunyizia maji ya kisima cha hapa kwetu, ambayo ni ya chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu. Macho yake yalikuwa yameanza kutumbukia. Nikaanza kumnyunyizia maji matamu ya mkokoteni, tunayonunua kwa kupikia chai. Akanywa, tukafurahi, macho yakajaa kidogo. Lakini panzi akiletwa mbele yake aligeuza kichwa upande wa pili, polepole, akatazama ukuta.

Mama aliona alivyogeuza kichwa. Sahani yake siku hiyo ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Nilijua tulikokuwa tunaelekea. Kinyonga akifa, Mama atarudi kulekule kwenye ukimya, na safari hii hakutakuwa na kinyonga wa kumtoa humo. Kwa hiyo mimi, ninayemwogopa yule mnyama kuliko nyoka, nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo kuuliza. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tena ni mnyama gani, kisha akasema yeye anatibu ng'ombe, mbuzi na kuku. Aliniuzia vitamini za vifaranga, akanishauri nimpanulie mdomo nimtilie pamoja na panzi aliyepondwa. Nadhani alitaka niondoke kabla wateja wengine hawajasikia.

Nilirudi na dawa yangu, nikamweleza Mama. Nilimwambia yeye amshike na mimi nitamlisha, maana nilikuwa nimekwisha kuvaa glavu za kufulia na kupiga moyo konde na sikujua ujasiri huo utadumu mpaka lini. Mama akatikisa kichwa.

"Simlazimishi," alisema. "Baba yako nilimlazimisha. Siku ile ya mwisho nilimbana mdomo nikamtilia uji, akautema, nikamgombeza. Nilimwambia kama hutaki chakula changu sema. Hakusema. Jioni alikuwa ameshakwenda."

Aliniambia hayo akiwa anatazama tawi, si mimi. Nilisimama na kichupa cha vitamini mkononi, nikaona uchungu mkubwa, na kwa sababu mimi nikiona uchungu hukasirika, nilikwenda kushona na nikaharibu kola mbili.

Baadaye kinyonga akaanza kushuka. Alikuwa hana nguvu, tumbo limemvimba, lakini alishuka tawi zima, akapita ukingo wa ndoo, akadondoka sakafuni, akaanza kuvuka ua kwa mwendo wake ule wa kusitasita. Mama akamwokota, akamrudisha juu kabisa. Kesho yake akashuka tena. Akarudishwa. Kwa wazee wetu, kinyonga akishuka chini akakwangua ardhi anachimba kaburi la mtu wa nyumba ile. Hilo Mama hakulisema, na hakuwa na haja ya kulisema, kwa sababu nimelelewa naye. Ilifika mahali haondoki kibarazani hata kuoga, asije akamkuta chini.

Aliyelisema ni mwenye nyumba. Yeye ni mama wa makamo ya Mama, mtu wa mji wa miaka na miaka, na mlango wake unatazamana na kibaraza chetu. Alikuwa ametoka kuuwekea ua wote kabro, vile vitofali vya saruji vya kutandika chini, anaufagia asubuhi na jioni kwa fahari yake, na mmea wa pekee aliouacha ni asumini, uliomo ndani ya nusu ya pipa karibu na mlango wake. Nzi wetu alikuwa amewavumilia. Hili la sasa lilimshinda. Aliniita, nikamwamkia shikamoo, akaipokea vizuri, kisha akaniuliza swali lililokuwa likimkaa rohoni.

"Mwanangu, huyu yuwatafuta nini mlangoni pangu kila siku?"

Sikuwa nimeligundua hilo. Ni kweli, kila aliposhuka alielekea upande ule, na Mama alikuwa akimkamata njiani. Mwenye nyumba alisema hasemi ni kitu cha kutumwa, hasemi, lakini wallahi yeye ana ugonjwa wa moyo, na hawezi kuamka asubuhi amkute huyo kizingitini. Akaniomba kwa adabu tumpeleke mbali. Nikamwahidi nitaongea na Mama. Niliogopa sana kuongea na Mama.

Nikaahirisha. Mchana wa siku iliyofuata Mama alipitiwa na usingizi hapohapo mkekani, amechoka kwa kulinda, na kinyonga akapata nafasi yake. Nilikuwa kwenye cherehani. Nilimwona anashuka, nikaamua nisimwamshe Mama na nisimguse mnyama. Nilitaka kujua anakwenda wapi. Alivuka kabro zote. Alifika kwenye pipa la asumini, akajaribu kupanda, kucha zikateleza kwenye bati, akaanguka. Akajaribu tena. Mwishowe akainamisha kichwa chini ya pipa akaanza kukwangua mchanga ulio katikati ya kabro mbili, kwa mikono yake miwili, akitoa chembe kidogo, anapumzika, anatoa nyingine.

Nikasimama. Kitu fulani katika mwendo ule nilikuwa nakijua vizuri. Kwetu kulikuwa na kuku, na asubuhi nyingi za utoto wangu kazi yangu ilikuwa kumfuata kuku anayezungukazunguka, anayeparua hapa na kuacha, anayeparua pale na kuacha, asiyejali mahindi hata ukimmwagia miguuni. Nikasogea. Tumbo lake pande zote mbili lilikuwa na vinundu, kama mfuko wa kitambaa uliotiwa kunde.

Nilimwamsha Mama. Alipoona tawi tupu aliinuka kwa mshtuko, akataka kukimbilia uani. Nikamshika mkono.

"Mama, kuku akikataa chakula, akawa anazunguka na kuparua, huwa anatafuta nini?"

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Amefuga kuku maisha yake yote. Kuna kuku waliomtagia kitandani. Kisha akamtazama kinyonga, akamtazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika mbele yangu. Ua mzima ni kabro, ndoo yetu ni zege. Mahali pa pekee penye udongo ndani ya ukuta huu ni pipa la asumini, na sisi tulikuwa tukimrudisha mtini kila mara.

Nilitegemea kwamba mimi ndiye nitakayekwenda kuomba. Mama alijifunga leso vizuri, akavuka ua peke yake, na mtu ambaye tangu afike hakuwa amemsalimia jirani hata mmoja, akapiga hodi. Mwenye nyumba alifungua. Nilikuwa nyuma kidogo, nikasikia.

"Dada, mnyama wangu ataka kutaga. Nakuomba udongo wa maua yako."

Mwenye nyumba alimtazama Mama, akamtazama mnyama pale chini, akarudi ndani. Mama hakuondoka. Mimi nilishaanza kufikiria ni wapi nitapata karai na mchanga. Kisha yule mama akatoka na kopo la maji, amejifunika ushungi mpaka puani kwa woga, akamwagia udongo taratibu kuzunguka shina.

"Ulikuwa mkavu," alisema. "Angechoka bure."

Mama akamwinua kinyonga kwa mikono yake mitupu akamweka juu ya udongo. Alichimba mpaka giza likaingia, kichwa chini, tukawa tunaona mkia tu. Wanawake hao wawili walikaa kwenye kizingiti wakizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walio nje ya chumba cha mwanamke anayejifungua. Asubuhi shimo lilikuwa limefukiwa na kusawazishwa, na yeye amelala juu yake, ngozi imemlegea, tumbo limeingia ndani. Tulimnyunyizia maji, akalamba kidogo. Panzi hakumtaka. Alikuwa amechelewa mno, nadhani, au sisi tulikuwa tumemchelewesha. Akafa kabla ya Jumapili.

Mayai bado yamo ndani ya pipa. Nimesoma kwenye simu kwamba huchukua miezi mingi, na kwamba mengine huwa hayana kitu. Hilo la pili sijamwambia Mama. Kila siku anakwenda kuyatazama, mwenye nyumba anamwekea kigoda, na nikiwaona huwa naogopa, kwa sababu sijui nitasema nini yasipoanguliwa.

Lakini jioni ile kinyonga alipokufa, Mama alimzika mwenyewe nyuma ya ua, kwenye vichaka vya panzi. Alichimba kwa mwiko wa zamani na hakutaka nimsaidie. Aliporudi alinawa mikono, akaketi mkekani mahali pake, na mimi nikajiandaa kwa ule ukimya. Nilikuwa nimezima cherehani. Akasema, safari hii akinitazama mimi.

"Huyu hakukataa chakula changu. Alikuwa na kazi yake."

Nikamwitikia.

"Huenda baba yako naye alikuwa na yake," alisema.

Wali wa mchana ulikuwa palepale, umefunikwa. Akauvuta. Nilimwambia aniachie niupashe moto, akasema hapana, ataula hivyohivyo.