Simu Iliyotundikwa Ukutani

Na kama yule mama wa kupaka vanishi, niliyemfuta kwenye orodha, hakujiandikisha mara mbili? Swali hilo lilinigeuzageuza kitandani mpaka nikasikia wafagiaji wa barabara wameanza kazi.

Mkuu wangu, ofisini Kimihurura, alikuwa amenipa faili la mafundi wa samani wa mtaa wa Gisozi walioomba nafasi katika jengo jipya la karakana. Kila mstari ni mtu mmoja: jina, kitambulisho, simu, kazi. Wengine walikuwa wamejiandikisha tena na tena. "Futa wanaojirudia," alisema. "Angalia simu tu."

Niliandika amri fupi: namba ya simu ikionekana tena, mstari huo uondoke. Faili likanywea. Nilipotazama mistari iliyoondoka, karibu yote ilikuwa ya wanawake wa msasa na vanishi.

Kulipokucha nilipitia Gisozi. Simu niliikuta karakanani imetundikwa msumarini ukutani, inachajiwa, na namba yake imeandikwa kwa rangi mlangoni. Wateja hupiga hiyo, na kila fundi wa humo huiandika kuwa yake.

"Kwa hiyo mnatufuta kwa sababu tunachangia simu?" yule mama aliniuliza, brashi mkononi. "Mimi na mzee wangu tunachangia kitanda pia. Hapo mtamfuta nani?"

Wenzake walicheka. Mimi nilikwenda moja kwa moja ofisini, nikamweleza mkuu.

"Wewe unawaza sana," mkuu alinijibu bila kuinua macho. "Kompyuta ndiyo imechagua. Tuma hivyo hivyo, kamati ya kugawa nafasi inasubiri."

Kompyuta imechagua! Kompyuta ilibakiza mstari wa kwanza tu wa kila namba, na wa kwanza kila karakana ni mwenye mashine, kwa kuwa ndiye aliyewahi foleni. Waliobaki nyuma wakimalizia viti vyake ndio wakose mahali pa kukaa? Na aliyeandika amri ile ni mimi, si kompyuta. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliketi. Nikawaza kazi yangu, kodi ya chumba, mama atakavyosema. Kisha nikafungua faili la mwanzo, na kwenye amri yangu, palipoandikwa safu ya tatu, ya simu, nikaweka ya pili, ya kitambulisho. Waliojirudia kweli wakaondoka. Mama wa vanishi akarudi, na wenzake.

Nikaeleza sababu mwanzoni mwa barua pepe yenye orodha mpya, nikaweka jina langu, nikaituma kwa kamati, nakala kwa mkuu.