Siku nilitumaka mvula Angola

Mi naweza kuficha bitu mingi, lakini ile ya patalo (suruali yangu) siwezi, juu bamama wote benye banasafishaka mawe ya cobalt kule karibu na mugodi ya Mashamba baliiona, na mama Ngalula anaichekaka mpaka leo, hata ku misa.

Kazi yangu ilikuwa moja: kubakia ku mulango ya shimo yenye tulichimbaka ile mawe na kuangalia mbingu. Ukiona mvula, unavuta kamba mara tatu, mwenye eko chini anapanda. Basi. Kuku angeifanya muzuri kunipita. Sasa ile asubui nilisikia ku radio bwana moja anaeleza eti maji ya bahari ikipata moto, mvula kubwa inageuza njira, na eti huku kwetu mwaka huu itakawia. Masomo mi niliachaka katikati (masomo pia iliniacha), lakini ile nilisikia yote, nikamwambia shemeki yangu Kalala ashuke bila woga.

Saa nane wingu nyeusi inasimama upande wa Dilala.

«Papa, vuta kamba,» mama Ngalula ananiambia.

«Mama, wewe haujue bahari. Ile inapita Angola.» Na nikaanza kumufundisha kwa sauti, mpaka Kalala kule chini anasikia, kidole yulu sawa mwalimu.

Tone ya kwanza iligonga ile kidole.

Kisha maji ikaingia mu shimo sawa mutu anarudia kwake. Navuta kamba, lakini matundu ya kukanyaga ku ukuta ilishabomoka, Kalala anaruka, mukono haufike ku kamba, juu ilikuwa fupi: ya kumwonyesha tu, hapana ya kupandia. Haliye. Anaita tu jina yangu polepole, na ile polepole njo iliniua. Nikavula patalo (chini yake nilivaa kitu yenye bibi yangu alishanikataza kuvaa), nikaifunga ku mwisho ya kamba, nikatupa. Bamama bakakamata nyuma yangu, tukavuta.

Anatoka, matope tupu, anakumbatia muguu ya patalo yangu. Nyuma yake mulango ya shimo ikaanguka yote.

Kalala ananiangalia magoti.

«Shemeki, Angola iko wapi hapa?»

Bakacheka wote. Mi nililia.

Radio haikudanganya, mwaka ule mvula ilikawia kweli. Lakini bahari inasemaka ya mwaka muzima, haisemake ya leo saa nane. Sasa nikiona wingu kidogo sawa leso, navuta. Kalala anapanda bure mara ine mu siku moja, ananitukana mi na bahari yangu. Nikisikia ananitukana, najua eko inje.