Sifa za Chai

Mafua yalipoingia nyumba ile hayakumbagua mtu, ila kila mmoja aliugua kivyake, na shangazi aliwajua wote. Kiganja chake kipana, chenye harufu ya sabuni ya kufulia, hakikugusa paji la mgonjwa kabla hajakifuta kwenye gauni. Kaka yake alikuwa akigaagaa kitandani, akiaga watu na kugawa mashati yake. Shangazi akamshikisha bakuli la uji. "Kunywa kwanza, kufa utakufa baadaye." Mtoto, mwenye homa kali kuliko wote, alikuwa akiruka juu ya kochi; shangazi akamwacha aruke. Kisha akampelekea chai mzee, baba yao. Huyo hakuwa na homa wala hakukohoa. Miaka yote, kwake chai ya binti yake ilikuwa ama haijakolea sukari, ama imepoa, ama inanuka moshi. Leo alipiga funda moja, akasema taratibu, "Tamu, mwanangu. Asante."

Wifi yake akaangua kicheko pale mlangoni. "Leo umesifiwa!"

Shangazi hakucheka. Aliweka birika chini, akapiga magoti, akaanza kumvisha mzee viatu.

"Mwite jirani aje na gari," alisema. "Baba kazidiwa."