Siku Makala Yangu ya Migomba Ilipochekesha Ukumbi

Mpaka leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa kanisa pale Kebirigo huwa nainama na kujifanya natafuta kitu ndani ya mkoba, na nyinyi rafiki zangu mnaopenda kunicheka, nichekeni tu, nimezoea, ila mjue kwamba katika aibu hii aliyeumia zaidi si mimi.

Mnajua nilikuwa nasomea shahada ya pili huku nikiendelea na kazi yangu ya kufundisha wakulima, na utafiti wangu ulihusu mnyauko wa migomba, ule ugonjwa unaogeuza majani kuwa manjano na ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizikata unakuta ndani zimeoza. Unaenezwa sana na panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata mzima kwa panga lile lile bila kulichoma moto kwanza, umepanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Shamba la mfano, ambapo wakulima wa Ekerenyo waliletwa kujifunza, lilikuwa la baba mkwe wangu (jina lake silitaji, hata hapa, mkwe wangu mimi simtaji jina). Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima, na mimi na mume wangu Osoro tumejenga pale pale kwake, juu kidogo ya migomba.

Basi nikaandika makala yangu ya kupeleka kwenye jarida la kisayansi, nikaijaza majedwali na maneno mazito, nikampelekea msimamizi wangu, mama mmoja daktari kutoka upande wa ziwa ambaye hajui kuzungusha maneno. Akaniambia amelala kwenye ukurasa wa pili. Akasema makala nzuri ya sayansi mtu huisoma kwa sababu kuna swali linalomkera mpaka apate jibu, na kwa sababu ndani yake kuna watu, lakini mimi kila mstari nimeandika sampuli zilichukuliwa, sampuli zilichukuliwa, kana kwamba zilijichukua zenyewe. Nilirudi nyumbani nimenuna, halafu nikaamua (na hapa ndipo nilipojichimbia shimo) kwamba nitaianza kwa mtu.

Mtu mwenyewe nilikuwa naye. Asubuhi moja nikichuma mboga nilimwona baba mkwe kule nyuma ya shamba akikata migomba iliyougua, anaifukia chini ya majani makavu, anahamia shina lingine na panga lile lile, moto hakuna. Saa nne wageni walipofika, alisimama mbele yao na jiko la makaa, akalipitisha panga motoni na kuwaeleza kwa sauti ya mahubiri jinsi mkulima mwaminifu anavyofanya. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na mkwe wake, na mke wa mwana hawezi kumsogelea baba wa mumewe akamwambia nimekuona ukikosea, wala kumuuliza kwa nini. Kwa hiyo sikuuliza. Niliandika. Nilimwita mkulima namba tatu, nikamweleza kama nilivyomwona, na mwishoni nikaongeza sentensi niliyoipenda kuliko zote: kwamba aliificha migomba yake ili kulinda cheo chake.

Msimamizi wangu alinipigia simu akicheka. Jarida likaikubali, na mmoja wa wale wataalamu wanaopitia makala aliandika kwamba hajawahi kufurahia kusoma habari za migomba namna hiyo. Nilitembea wiki nzima nikijiona mwandishi. Makala ilikuwa ya Kiingereza, nikajiambia nani wa kwetu ataisoma.

Halafu ikaja siku ya wakulima pale Kebirigo. Niliombwa nieleze matokeo ya utafiti, tena kwa Kiswahili, kwa sababu kulikuwa na wanunuzi wa ndizi kutoka kaunti za ziwani ambao lugha yetu ya Ekegusii hawaijui. Osoro alikuwa ameniambia mzee hatakuja, goti linamsumbua. Niliwasha projekta, nikaanza na majedwali, na kwa vile watu walikuwa wametoka kula ugali, nikaona vichwa vinaanza kuanguka kimoja kimoja. Nikakumbuka yale ya kulala ukurasa wa pili. Nikaacha majedwali, nikawatafsiria aya yangu ya kwanza.

Waliamka. Walicheka, jamani, na mimi kicheko kile kikanipanda kichwani, nikaanza kutia chumvi ambayo hata kwenye makala haikuwemo: nikaiga anavyotembea na mkono mgongoni, nikaiga anavyokohoa mara mbili kabla ya kusema neno, na wale wanunuzi wakapiga meza kwa vicheko. Ilinichukua muda kugundua kwamba wanaocheka ni wageni peke yao. Watu wa Ekerenyo walikuwa wameinamisha nyuso. Mama mmoja wa mstari wa mbele alijifunika mdomo kwa leso akageuka kutazama mlangoni, nami nikafuata macho yake, nikamwona baba mkwe ameketi kwenye benchi la mwisho, kofia ameishika magotini. Alikuwa amekuja baadaye, na goti lake hivyo hivyo, kunisikiliza.

Nilimalizia vibaya. Mwenye kuongoza kikao, ambaye naye alitaka tu yaishe, akauliza kama kuna swali, na mzee akasimama. Akakohoa mara mbili. Wageni wakaangua kicheko, kwa sababu sasa walimjua, na ni mimi niliyewafundisha kumjua. Alingoja wakanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "huyo mkulima, ulimuuliza ni kwa nini alificha?"

Nikasema sikumuuliza.

"Sasa ulijuaje ni cheo?"

Msomi mzima, nimesimama na rimoti ya projekta mkononi.

"Hiyo siku wageni walikuwa wa msichana wetu," akasema polepole, akinielekezea kofia. "Shamba ni langu lakini mafunzo ni yake. Wakikuta ugonjwa hapo watasema hakuna kitu huyu anajua. Na panga hakuchoma juu ya moshi, ingeonekana, na watu walikuwa njiani. Ni hiyo tu. Andika na hiyo."

Akavaa kofia, akatoka. Nilikaa kwenye kiti cha karibu nikalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyenijia.

Jumapili iliyofuata aliacha uenyekiti, akasema ni goti. Majirani ambao migomba yao ilikuwa imenyauka wakaanza kusema ni yeye aliyewaletea ugonjwa, na kabla ya mwezi kwisha aling'oa migomba yake yote, migonjwa na mizima, akaichoma. Mimi kwenda kumwomba msamaha uso kwa uso siwezi, chinsoni ni ile ile, kwa hiyo nilimtuma shangazi yake Osoro, akarudi na jibu kwamba mzee hana hasira. Lakini uani kwetu hapiti tena. Anashuka kwa njia ya chini, ile ya kwenye majani chai, ambayo ni ndefu na ina matope, na goti lile lile.

Niliwaandikia wa jarida waitoe ile sentensi. Wakanijibu kwa adabu kwamba makala imeshatoka, wanachoweza ni kuweka mstari mdogo wa masahihisho mwishoni. Watu wa mbali bado wananiandikia kwamba makala yangu inasomeka vizuri ajabu. Ni kweli inasomeka. Kuna swali na kuna mtu ndani yake, na jibu la lile swali nililitunga mimi, wakati mwenye nalo alikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Sitaandika tena kwamba mtu alifanya jambo kwa sababu fulani kabla sijaisikia sababu hiyo kinywani mwake. Na kama haya inanizuia kumuuliza, basi inizuie na kuandika.