Mtoto Aliyeshibishwa Jumapili

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alikuwa na huruma nyingi, na alihakikisha mtaa wote wa Ziwani, pale Nairobi, unaiona. Akienda kumtazama mgonjwa, alikwenda na wenzake kumi na wawili waliojifunga vitambaa vya kichwa vya rangi moja, wakiimba tangu barabarani. Mgonjwa alilazimika kuketi, kubadilisha nguo na kushukuru. Mama yangu alikuwa katibu msaidizi wa kikundi hicho, na cheo hicho alikitunza kuliko vikombe vyake vya wageni.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikaa nyumbani nikingoja matokeo ambayo nilijua hayatanipeleka popote. Nyuma ya nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kulikuwa na chumba cha mabati ambacho baba alimpangisha mwanamume mmoja wa kwetu magharibi, kibarua katika kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alikuwa amefariki huko nyumbani, na mtoto wao aliachwa na nyanya yake ambaye naye alikuwa hajiwezi. Alipokwenda kumchukua, alirudi na msichana wa miaka mitatu ambaye mimi nilimdhania ana mwaka na nusu.

Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Nywele zilikuwa nyepesi, rangi ya nyuzi za mahindi, na ngozi ya mapaja ilikuwa ikibambuka. Hakulia. Hakutaka kuguswa wala kutazamwa. Majirani wa kwanza kumwona walisema amenona. Siwalaumu kwa kutojua. Nawalaumu kwa yaliyofuata, walipokuwa wameshaambiwa.

Kwa kuwa sikuwa na kazi na baba yake hangeweza kukosa zamu, niliambiwa nimpeleke kliniki. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na subira na mtu. Alimpima mtoto, akaniambia wodi imejaa, wanalala wawili wawili kitandani. Nimlete kila asubuhi, akae hapo hadi jioni, mpaka kitanda kipatikane. Kisha akanionyesha namna ya kuchanganya maziwa, maji yaliyochemshwa, sukari na mafuta kidogo, ili nimpe nikiwa nyumbani.

"Kikombe hiki nusu, kila baada ya saa mbili," akasema. "Na umfunike, asipate baridi. Ugali hapana. Nyama hapana. Maharagwe hapana. Mpaka mimi niseme."

Nikamuuliza, "Sista, si ana njaa? Mbona tumpe kidogo hivyo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali hilo asubuhi hiyo mara ya tano.

"Mwili uliokaa na njaa muda mrefu unazima kazi zake, moja moja, ili ubaki hai. Moyo wenyewe unapiga kwa shida. Ukimjaza chakula kwa ghafla, madini kidogo yaliyobaki kwenye damu yanakimbilia kukishughulikia kile chakula, na moyo unaachwa bila kitu. Unasimama. Nimewaona wakifa na chakula mdomoni. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, hilo nataka lijulikane.

Siku nne tulifanya hivyo. Siku ya tano, Jumamosi, uvimbe wa uso ulikuwa umepungua hata nikaona ana kidevu cha baba yake. Alishika kidole changu nilipokuwa nikimnywesha. Baba yake aliporudi kazini alikaa mlangoni akamtazama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kinavyoanza.

Jumapili kliniki haikupokea watoto wa mchana, nikabaki naye nyumbani. Baada ya ibada, wakaja.

Nilisikia wimbo kabla sijawaona. Mbele alikuwa mwenyekiti, nyuma yake sufuria za ugali, kuku wa kuchemsha, mayai, kreti ya soda. Walijaa uani kwetu. Baba wa mtoto alitoka na shati lake la kazi, akasimama pale akishikana mikono na kila mmoja. Alikuwa mgeni mjini, hakuna aliyewahi kumwimbia.

Mwenyekiti alimchukua mtoto mapajani kwangu bila kuniuliza. Akakiona kikombe.

"Hiki ndicho mnampa? Maji meupe?"

"Ni maziwa, mama. Sista alisema asile chakula kizito bado. Alisema moyo wake..."

"Huyo sista ana watoto?"

Sikujua.

"Unaona," akawaambia wenzake. "Hawa wa hospitali wanafundishwa kubana chakula cha watoto wa maskini. Mtoto ana njaa, dawa yake ni chakula. Hata kuku anajua hivyo."

Wakacheka. Nikasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba anaweza kufa. Ndipo mama yangu akanikazia jicho.

"Usitutie aibu mbele ya watu," akasema.

Ningeweza kumnyakua yule mtoto nikatoka naye mbio. Ningeweza kumwita baba yake kando nikamweleza alichosema sista, maneno kumi tu. Badala yake nilikwenda kuwaletea maji ya kunawa.

Mtoto alikula. Hilo ndilo liliwafurahisha, kwamba alikula kwa mikono miwili, haraka, huku akiangalia kama kuna mtu atamnyang'anya. Walimpigia makofi kila tonge. Mmoja alimshikia chupa ya soda mdomoni. Mwenyekiti aliomba kwa muda mrefu, akimweleza Mungu walicholeta, kimoja kimoja, kana kwamba Yeye hakuona sufuria. Kisha wakaenda zao, kwa sababu walikuwa na mgonjwa mwingine Makongeni.

Kufikia saa kumi na moja jioni tumbo lilikuwa limekaza na alikuwa akiharisha. Jua lilipozama miguu ilikuwa imevimba tena, na alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi. Baba yake alimfunga kwa blanketi tukampeleka hospitali kubwa. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Alikuwa ameshikwa na baba yake, na mimi nilikuwa nimekwenda kununua maji.

Siku mbili baadaye watu walikusanyika uani kwetu kwa ajili ya matanga, kabla mwili haujasafirishwa. Mwenyekiti alisimama. Alikuwa na leso mkononi, macho makavu.

"Tunamshukuru Mungu," akasema, "kwamba hakuruhusu malaika wake aende na njaa. Wenye kazi ya kumtunza walimpa maji. Sisi tulimpa chakula. Amekwenda akiwa ameshiba."

Watu wakaitikia amina. Mama yangu pia.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema kwamba chakula ndicho kilichomuua, kwamba sista alitukataza na akatupa sababu, kwamba mimi niliwaambia nao wakacheka. Nilirudia maneno ya sista yote, damu, madini, moyo. Mama alinivuta sketi. Mwenyekiti alitabasamu kwa huruma, kama anayemsikiliza mtu mwenye homa.

Baba wa mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ukuta. Aliinua kichwa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Ulikuwa unajua, na ukawaachia?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Watu wote uani walinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili niliwasahau akina mama wa kanisa.

Wiki iliyofuata mama alinipeleka kwa mwenyekiti nikaombe radhi. Nilipiga magoti kwenye zulia lake jekundu, nikasema nilikuwa na uchungu na sikujua nilichokuwa nikisema. Alinisamehe papo hapo. Alikuwa na wageni sebuleni, kwa hiyo alinisamehe kwa sauti.

Baba wa mtoto alirudi kutoka mazishini, akakusanya vyombo vyake na kuhamia mtaa wa Kayole. Huyo ndiye niliyepaswa kumpigia magoti. Sikwenda. Nilimwona mara moja baadaye, kwenye lango la kiwanda alfajiri, nami wakati huo nikiwa kibarua kama yeye. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu ni wazima wote.