Nani Ananipa Mtoto Huyu?

Dorkasi wa Gonja alikuwa mkunga, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Alimuuliza mchungaji kwa nini Nuhu hakuwaacha mbu wafe na gharika. Alimuuliza mama aliyeshikwa na uchungu jana alikula nini, na alipika nani, na kama chumvi ilitosha, mpaka mama yule akasahau kulia kwa hasira ya kujibu. Wanawake wa mlimani walimpenda hivyo hivyo alivyo. Karibu kila mtoto aliyechezea maji ya mfereji pale kijijini alikuwa amepita mikononi mwake. Wa kwake mwenyewe hakumpata.

Alikuwa na utaratibu aliourithi kwa bibi yake. Mtoto akishazaliwa na kufutwa, mama huketishwa karibu na mafiga, miguu ameinyoosha. Mkunga husimama mbele yake na kusema, "Nimemshika mimi. Sasa mshike wewe." Humlaza mtoto mapajani pa mama, kisha hufungua viganja vyake viwili, mama aone kwamba havina kitu. Hapo ndipo mtoto huwa na mwenyewe. Kabla ya hapo, alisema Dorkasi, ni mgeni aliyepita njiani.

Mwaka 1950, baada ya ibada, mchungaji aliwaeleza yeye na mumewe Nathanaeli habari ya shirika moja la malezi lililokuwa Mombasa, huko Kenya. Lilikuwa na watoto wengi wasio na wazazi kuliko nyumba za kuwalea, na sasa lilikuwa likiwatafutia wazazi hata Tanganyika. Nathanaeli, seremala wa maneno machache, alimtazama mkewe.

"Uliza," alisema.

"Leo sina la kuuliza," akajibu Dorkasi. "Waambie tunamtaka."

Mtoto alikuja kwa treni mwezi wa nane, kupitia Voi na Kahe mpaka stesheni ya Same. Alikuwa msichana mdogo, jina lake Lydia, ameshika kifurushi cha nguo kama mtu aliyeshika kuku asimtoroke. Alishuka na Bibi Ransome, Mwingereza mrefu wa lile shirika. Bibi alimsukuma mtoto polepole begani, akampa Nathanaeli karatasi.

"Mtakaa naye kwa majaribio," alisema. "Vuli ikiisha nitakuja kuona nyumba, mtatia sahihi, na atakuwa wenu kabisa. Msipotia sahihi nitarudi naye. Sisi tunaendelea Tanga."

"Sawa, Bibi," akasema Dorkasi. "Lakini nani ananipa?"

"Shirika linakupa."

"Shirika lina mikono?"

Bibi Ransome alicheka, akidhani ni mzaha, akapanda treni. Garimoshi lilipoondoka, Dorkasi aliona katika dirisha la daraja la tatu mwanamke mwenye buibui, amejiziba mdomo kwa kiganja. Yule hakumtazama Dorkasi. Alimtazama mtoto mpaka dirisha likapita.

Jioni ile, huko nyumbani Gonja, walikula makande. Sefania, mdogo wake Nathanaeli, alikuwa amekuja kumwona mgeni. Nathanaeli alisali sala ndefu kuliko siku zote. Wote walipoitikia "Amina," mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Bismillahi." Kisha akachota tonge la kwanza, akaliweka pembeni mwa sahani, akaanza kula.

Sefania alipaliwa na maharage. "Kaka! Mzungu wa misheni kakuletea Mwislamu! Hii ni kesi. Mimi ningefika mpaka kwa hakimu wa Same."

"Wewe shemeji hata jogoo akiwika mapema utamshtaki," alisema Dorkasi. Lakini macho yake yalikuwa kwenye lile tonge. "Wewe, hili la nani?" alimuuliza mtoto.

"La Mama Sha."

"Mama Sha ni nani?"

"Yule wa dirishani."

Kuanzia siku ile Dorkasi aliishi na swali hilo kama mtu aishivyo na kijiwe ndani ya kiatu. Kila alipomwangalia mtoto aliona kazi ya mikono ya mtu mwingine. Nani alimfundisha kufunga kanga kifuani kwa pindo lile dogo? Nani alimzoesha kulala ameshika sikio la mtu? Usiku wa kwanza alishika la Nathanaeli, na seremala yule akalala bila kugeuka mpaka asubuhi shingo ikamkakamaa. Na begani kushoto pana kovu, jembamba kama jani la nyasi. Lilitoka wapi? Kila jioni tonge la kwanza liliwekwa pembeni, na kila asubuhi kuku walilifaidi.

Mvua zilishuka, ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ikajaa, mahindi yakasimama. Mtoto alianza kumwita Nathanaeli baba. Dorkasi alimwita mtoto "wewe" tu.

"Mimi najua kwa nini," alimwambia mumewe siku moja akiwa anapukuchua mahindi. "Hakuna aliyenipa. Mtu alimlea huyu mpaka akaweza kusema, na mikono ya mtu huyo bado imemshika. Nataka Mama Sha aje na Bibi."

Nathanaeli aliweka randa chini. "Ukimwita, anaweza kumtaka."

"Anaweza."

"Na akimtaka?"

Dorkasi alimaliza gunzi moja, akachukua jingine, halafu akasema, "Nimewapa wanawake watoto maisha yangu yote. Hata mmoja sikumwibia mtu."

Mchungaji alipeleka maombi Mombasa. Vuli ilipoisha, lori la Same lililopita Kisiwani liliwashusha wanawake wawili, nao wakapanda mlima kwa miguu. Bibi Ransome alikuwa mwekundu kwa jua. Nyuma yake alikuja yule mwenye buibui, mpishi wa nyumba ya watoto, jina lake Sharifa.

Lydia alikuwa akichota maji mferejini. Aliacha ndoo ichukuliwe na maji, akakimbia, akajitupa kifuani kwa Sharifa. Dorkasi aliona yote akiwa mlangoni. Akaingia ndani, akakoka moto.

Bibi Ransome alikagua kitanda, blanketi, choo na banda la mbuzi, akaridhika. Akatandaza karatasi mezani, akamkabidhi Nathanaeli kalamu.

"Bado," alisema Dorkasi.

Aliketi chini karibu na mafiga, akanyoosha miguu mbele kama mwanamke aliyejifungua. Sefania, ambaye hangekosa shauri kama hili, alikohoa pale mlangoni. Dorkasi alimweleza Sharifa utaratibu wa bibi yake, akamaliza kwa kusema, "Siku zote mimi ndiye husimama hapo ulipo. Leo mkunga ni wewe, dada."

Sharifa alibaki amesimama, Lydia amemshika sikio.

"Na nisipokupa?"

"Sharifa," akasema Bibi Ransome, "hilo si lako kuamua. Ulishaambiwa wafanyakazi hawachukui watoto."

"Bibi, chai yako inapoa," alisema Dorkasi, bila kumwondolea Sharifa macho. "Dada, usiponipa sitatia sahihi. Kama una swali, uliza."

Sharifa akaketi kwenye kigoda. "Usiku anajikojolea?"

"Wiki za mwanzo. Sasa hapana, ila akila miwa."

"Unampiga?"

"Nilimpiga kofi moja la mkono, alipochezea moto. Tulilia wote wawili."

"Anaogopa nini?"

"Jogoo wa shemeji yangu. Radi haiogopi, anatoka nje kuitafuta."

Sharifa alitaka kutabasamu, akajizuia. Alifunua bega la mtoto. "Na hili kovu? Alilipata wapi?"

Dorkasi aliliangalia kovu aliloliogesha kila jioni. Angeweza kusema alianguka, au mtoto alimsimulia. Nathanaeli alikuwa amemkazia macho, kama anayemwomba aseme lolote.

"Sijui," alisema Dorkasi. "Nimejiuliza kila siku. Nilikuwa nakungoja wewe uniambie."

Sharifa alipumua pumzi ndefu. "Hata mimi sijui. Aliletwa nalo. Nilitaka tu kuona kama utanidanganya."

Akainuka na mtoto. Akasimama mbele ya ile miguu iliyonyooshwa. "Nimemshika mimi," alisema, na sauti ikakatika. Bibi Ransome aliweka kikombe chini. Sharifa akaanza upya. "Nimemshika mimi, mwenzangu. Sasa mshike wewe."

Alimweka Lydia mapajani pa Dorkasi, akauondoa mkono mdogo wa mtoto sikioni mwake mwenyewe. Kisha akafungua viganja. Dorkasi alikuwa amefungua vyake mara nyingi mno na hakuwahi kuviangalia. Sasa aliviangalia vya mwingine, vimepauka kwa masufuria na sabuni, vikingoja hewani kama havijui pa kwenda.

"Mwanangu," alisema Dorkasi, kwa mara ya kwanza.

Nathanaeli alitia sahihi. Makande yakapakuliwa. Akasali, safari hii kwa kifupi, na Sefania akaitikia "Amina" kwa nguvu, pengine kwa kukosa kesi. Lydia, angali mapajani, akasema bismillahi yake na kuchota tonge la kwanza. Akatazama pembeni mwa sahani, kisha akamtazama Sharifa. Akanyoosha mkono, akaliweka kwenye kiganja chake kitupu.

Sharifa alilila taratibu.

"Chumvi imetosha?" akauliza Dorkasi.

"Ongeza kidogo," alisema Mama Sha. "Yeye anapenda ikolee."