Mrija Nilioukataa

Nilipotoka hospitali Bukavu, baada ya vita vya kwanza vya Congo kutulia, nilikuwa nimekonda kiasi kwamba mume wangu hakunitambua pale mpakani Rusizi. Alikuwa amesimama upande wa Rwanda akinyoosha shingo juu ya wabeba mizigo, akimtafuta mke mnene aliyeagana naye. Nilimgusa mkono. Akasema, "Ni wewe?" Kisha akachukua kifurushi changu, akatangulia hadi nyumbani Kamembe.

Vidonda vya tumbo vilikuwa vimenitesa miaka mingi. Nilikuwa nimevuka kwenda kumtazama mama yangu, aliyebaki Bukavu sisi wengine tuliporudi Rwanda, na huko ndiko kidonda kimoja kilipotoboka. Daktari alinipasua, akatoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Nilipopata fahamu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaniambia kwa upole, "Maman, kilichobaki ni kidogo. Utakula kidogo kidogo. Sukari uiogope. Na pombe uachane nayo, maana haitapata pa kukaa, itakupanda moja kwa moja."

Sikuyatilia maanani ya pombe. Sikuwa mnywaji, nilikuwa mtu wa kunywa na wenzangu tu. Lakini mume wangu alinunua bia kushukuru kwamba nimerudi mzima, nami nikaonja kidogo kwenye glasi yake. Kabla hajaimaliza ile chupa nilikuwa natiririka jasho, moyo unadunda masikioni, nacheka na kulia pamoja. Nikalala kwenye mkeka mchana kweupe, na chakula cha jioni akapika mama mkwe. Baada ya hapo niliamini maneno ya daktari.

Mama mkwe alikuwa akiishi nasi. Alizeekea Congo, na aliporudi nchini aliwatafuta dada zake waliobaki Rwanda miaka yote ile. Hakumkuta hata mmoja hai. Aliniangalia nikibadilisha bandeji, akasema, "Usiambie muntu kama balikupasua. Huku hatujue nani ni nani. Muntu akijua mahali ulipo mudhaifu, amekwisha kukukamata."

Nilimtii. Nilikuwa na sababu yangu pia. Miaka ile mwanamke akikonda ghafla, watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake, na hawakulitaja mbele yake. Nilikuwa fundi wa kushona, charahani yangu iko barazani, na niliwaona wateja wakinipima mikono kwa macho kabla sijawapima wao kiuno. Nilijishonea blauzi pana. Nikanyamaza.

Ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango na wetu, alikaa mwanamke aliyenizidi umri kidogo. Yeye hakukulia Congo. Alikimbilia kwenye kambi za huko mwaka ule wa mauaji, watu walipokimbia, akarudi kambi zilipovunjwa, na mume wake alikamatwa mara tu walipofika, akituhumiwa kuua. Kila juma alimpelekea chakula gerezani, na akirudi alipitia kwangu, akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Alikuwa akinitania kwa Kinyarwanda changu, anasema kina matope ya Bukavu. Tuliongea bei ya mkaa, mvua, watoto. Mwaka ule hatukuutaja. Yeye alikuwa hapa, mimi sikuwapo, na sote wawili tulijua hivyo bila kuulizana.

Mama mkwe hakuwahi kutoka nje akiwa yule mama yuko kwenye benchi.

Miezi michache baada ya mimi kupasuliwa, jirani yangu alifanya kikao cha kumaliza matanga ya mama yake. Alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, kibuyu kikawekwa katikati, na mrija ukaanza kuzunguka. Uliponikaribia aliuchukua yeye mwenyewe, akavuta kwanza mbele ya macho yangu, kama mwenyeji anavyofanya ili mgeni ajue kinywaji ni salama. Akaufuta kwa kiganja, akanipa.

Nikasema, "Asante, Maman. Tumbo linaniuma leo."

Alibaki ameushika mrija. Wanawake wengine waliangalia chini. Kwetu, kukataa mrija ambao mwenye nyumba ameshauonja ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamwona muuaji. Na mimi nilikuwa wa waliorudi kutoka uhamishoni baada ya mauaji, na yeye mume wake alikuwa gerezani. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Alimpa mrija mwanamke aliyekuwa pembeni yangu, maongezi yakaendelea, lakini yakanipita juu.

Hakupita tena kwangu akitoka gerezani. Nguo zake alianza kuzipeleka kwa fundi wa sokoni. Beseni langu alilokuwa ameazima lilirudishwa limesuguliwa hadi linang'aa, likawekwa kizingitini bila hodi. Nilimwona akikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba yake kuvua viatu, na mimi nikaendelea kukanyaga charahani.

Yakaenda hivyo mpaka binti yake alipojifungua. Siku ya kumpa mtoto jina, alituma mtu kunialika. Sijui kama alitaka au aliona aibu kuwaalika majirani wote akaniruka mimi.

"Usiende," akasema mama mkwe.

"Enda," akasema mume wangu, "lakini usikunywe."

Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kukonda, nilichoka kukisia watu wanasema nini, nilichoka kumsalimia mtu wa ng'ambo ya njia kama ninayepita kituo cha askari. Nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda, na njiani nikawa nimeshaamua kwamba leo nitakunywa. Asubuhi yote nilikuwa nashona, sikuwa nimetia kitu tumboni. Nilifikiri nikivuta kidogo tu na kurudi nyumbani haraka, nitakuwa nimemaliza jambo hili.

Jirani yangu alipofika kwangu alionja, akafuta mrija, na safari hii hakunitazama usoni. Nikaupokea. Kasiksi ilikuwa changa bado, tamu sana. Nilivuta, nikameza, nikavuta tena ili aone kwamba nakunywa kweli. Hapo akainua macho. Kwa muda mfupi uso wake ulilegea.

Kisha joto likanipanda kutoka kifuani. Jasho likanitoka mpaka kitenge kikanata mgongoni, moyo ukaanza kwenda mbio, na sauti za watu zikawa zinatoka mbali, kama watu walio ng'ambo ya ziwa. Nilijaribu kusimama. Niliona ukuta unakuja, nikateleza hadi chini.

 Halafu mwanamke mmoja akasema, pole pole kabisa, "Amempa sumu."

Nilisikia kila kitu. Hilo ndilo watu hawakuamini baadaye. Ulimi ndio uliokuwa mzito. Nilisikia watoto wakitolewa nje. Nilisikia mama mkwe akiingia, akipiga magoti kando yangu, akisema kwa sauti ya uchovu zaidi kuliko hasira, "Nilisema. Nilisema asikuje." Kiongozi wa mtaa, mwanamume aliyekuwa amealikwa kwenye sherehe ileile, alisimama akauliza nani amepika na nani amemimina.

Jirani yangu hakujitetea. Alikaa mbele ya kibuyu, akaweka mrija mdomoni, akaanza kunywa. Alikunywa bila kupumzika, machozi yanamtoka, huku watu wanamtazama. Mtu mmoja akasema lazima alikunywa dawa ya kuikinga sumu kabla hatujafika. Mwingine akasema apelekwe ofisi ya komini aeleze. Binti yake, mtoto kifuani, akamshika mama yake bega. Baba yuko gerezani, sasa na mama.

Nilimshika mama mkwe nguo, nikajivuta nikaegemea ukuta. Maneno yalikataa kutoka, kwa hiyo niliinua blauzi. Kovu langu linaanzia chini ya kifua linashuka hadi kitovuni, na wakati ule lilikuwa bado jekundu na nene. Wanaume waligeuza nyuso. Wanawake walisogea karibu.

"Walinikata tumbo," nikasema. "Bukavu. Hakuna sumu. Nimelewa."

"Umelewa?" kiongozi wa mtaa akauliza. "Kwa kuonja?"

"Nimelewa tu, Mzee. Daktari alinikataza."

Mtu alicheka nyuma, kicheko kifupi cha hofu iliyotoka mwilini, halafu wengine wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimelewa kweli. Jirani yangu hakucheka. Aliuweka mrija chini, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mume wangu aliitwa, akanibeba. Kesho yake kichwa kilikuwa kinapasuka, na yule mama akaja. Alisimama mlangoni, akakataa benchi.

"Ungeniambia," akasema.

"Niliogopa mngesema nina ule ugonjwa."

"Tulisema hivyo hivyo."

Nilimsogezea benchi tena.

"Siku ile ya matanga ya mama yangu," akaendelea, "nilipokupa mrija, uliwaza nini? Usinidanganye."

"Niliwaza tumbo langu."

Ilikuwa kweli. Aliniangalia muda mrefu, kama anayekagua mshono akitafuta mahali palipoachia, na sikuweza kujua kama ameniamini. Nadhani hata yeye hakujua. Akasema ana maji jikoni, akaondoka.

Watu wa mtaa waliacha kunong'ona habari ya ugonjwa wangu wakaanza ya ulevi. Watoto walicheza mchezo wa kunusa mrija na kuanguka. Kanisani shemasi aliniita pembeni akaniuliza kama ninahitaji maombi. Mama mkwe alisema mpaka anakufa kwamba kovu ni kovu na sumu ni sumu, na kwamba siku ile niliponea kwa sababu nilivuta kidogo. Sikubishana naye. Alikuwa amepoteza watu wengi mno kubishiwa.

Muda mfupi baadaye vita vikaanza tena huko ng'ambo. Mpaka ukafungwa na kufunguliwa, wateja wangu wa Bukavu wakapotea, na mama yangu akavuka na godoro kichwani akaja kukaa nasi. Jirani yangu alimletea uji siku aliyofika. Akakaa kwenye benchi. Hakuvua viatu, lakini alikaa, na baada ya hapo alikaa mara nyingine.

Tulialikwa pamoja mara nyingi, harusi, matanga, ubatizo. Kila mrija ulipokaribia zamu yangu aliniwahi yeye kusema, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Huyu mumruke. Balimukata tumbo, akivuta kidogo anaanguka." Nilichukia sana. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo mabega yangu yalishuka kwa nafuu. Habari ilienea hadi Bugarama, ambako mume wangu alipakia saruji. Hadi leo watu nisiowajua hunisimamisha sokoni kuniuliza tumbo langu linaendeleaje, na mimi naweka kikapu chini nawajibu.